Piga Hodi Kabla ya Kupiga Picha

Hotuba kwa vijana wanaojifunza kuongoza wazamiaji na kupiga picha za viumbe wa baharini, Kilindoni, Mafia

Assalamu alaikum. Wazee wangu wa kamati za vijiji mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, shikamooni. Vijana, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie kamera, na nitaizungumzia. Lakini kuna jambo nataka tukubaliane mapema, maana hili likikaa sawa mengine yanafuata. Picha ya kiumbe wa baharini ina thamani pale ambapo kiumbe huyo aliendelea na shughuli zake wakati unampiga. Kasa anayekula majani apigwe akila majani. Pweza apigwe akichungulia pangoni mwake kwa hiari yake. Kasa anayekukimbia naye hutokea kwenye picha, ila kinachoonekana hapo ni hofu uliyomtia wewe mwenyewe, na mtu anayejua bahari ataiona mara moja.

Sisi watu wa pwani tunajua adabu ya kuingia kwa watu. Unasimama nje, unapiga hodi, unasubiri. Usipoitikiwa unarudia. Mara ya tatu ikiwa kimya unaondoka zako, na hakuna atakayekuona umeshindwa. Chini ya maji ni vivyo hivyo. Mwenye nyumba ni samaki, na umbali wa kusimama anaupanga yeye. Hilo ndilo nililokuja kuwaambia.

Kazi hii ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1893 Mfaransa Louis Boutan alizamisha kamera baharini huko Banyuls-sur-Mer, kusini mwa Ufaransa, na kwa uhaba wa mwanga picha moja iliweza kumchukua hadi nusu saa. Mwaka 1926, katika visiwa vya Dry Tortugas, Florida, William Longley na Charles Martin walipata picha za kwanza za rangi za samaki ndani ya maji. Ili wapate mwanga walibeba unga wa magnesiamu juu ya chelezo na kuulipua kila walipopiga picha. Fikirini kishindo kile juu ya vichwa vya samaki! Wakati ule hapakuwa na njia nyingine. Leo kamera inayoenea kiganjani inanasa mwanga hafifu ambao Boutan asingeweza hata kuuota, kwa hiyo visingizio vya kumsumbua mnyama vimekwisha. Ndiyo maana huwa mkali ninapomwona mtu mwenye vifaa vya mamilioni anamvuta mkunga atoke shimoni.

Sasa tuje kwenye maji yenyewe, kwa sababu asiyeyaelewa atailaumu kamera bure.

Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800, na yanakula mwanga. Rangi nyekundu huliwa kwanza. Ukifika mita 5 imeshafifia, mita 10 ni kama haipo. Inafuata rangi ya chungwa, kisha njano, mpaka unabaki na buluu na kijani. Ukijikata kidole mita 20 damu yako utaiona ya kijani iliyokoza. Na hesabu hii haiishii kwenye kina. Mwanga unashuka kutoka juu hadi kwa samaki, halafu unasafiri tena kutoka kwa samaki hadi kwenye lenzi yako. Ukiwa mita 3 tu chini na samaki yuko mita 4 mbele yako, mwanga umepita mita 7 za maji. Ndipo mtu anarudi juu analalamika kwamba picha zake zote ni za buluu, na alikuwa kina cha mtoto.

Kuna na jambo la macho. Mwanga ukitoka majini kuingia kwenye hewa iliyo ndani ya miwani yako unapinda, na vitu vinaonekana vikubwa zaidi kwa theluthi, na karibu zaidi kwa robo. Samaki unayemwona yuko mita 3, kwa kweli yuko mita 4. Anayeanza kazi hudhani amesogea vya kutosha kumbe bado. Kioo bapa mbele ya lenzi kinafanya kosa hilohilo na kuibana picha. Kioo cha duara, chenye umbo la kuba, kinairudishia lenzi upana wake. Ndiyo maana wapigao viumbe wakubwa hutumia kuba na lenzi pana, na wapigao vidogo hutosheka na kioo bapa.

Dawa ya yote haya ni kupunguza maji kati yako na mnyama. Mita moja, na pungufu ya hapo ikiwezekana. Mkiwa chini kiasi, mita 5 mpaka 15, chukueni kibao cheupe, mkielekeze kamera na kuipangia rangi nyeupe upya kila mnapobadilisha kina; kwa wasio na flashi hatua hii ya nusu dakika inarudisha sehemu kubwa ya rangi. Wenye flashi waiweke mbali na lenzi, juu ya mkono wake, ikiangalia nje kidogo. Ikikaa jirani na lenzi itamulika kila chembe ya mchanga na uchafu iliyo mbele yako, na picha itajaa vitone vyeupe. Halafu shukeni. Msimpige samaki kutoka juu ya mgongo wake, kwani hapo anapotea kwenye mwamba. Mpigeni usawa wa jicho lake, au chini yake kidogo, ili nyuma yake kuwe na maji ya buluu na uso wa bahari.

Mmeshaona ugumu wa kazi yetu ulipo. Maji yanakutaka usogee, na adabu inakutaka usubiri. Wengi hukata shauri upesi kwa kusogea. Mpiga picha aliyekomaa hukaa pembeni akiwa ametulia, mpaka mnyama mwenyewe apunguze umbali. Na hupunguza! Samaki wa mwamba ni wadadisi. Wakishakuona dakika tano hujawafukuza, wanarudi kwenye shughuli zao, na wengine wanakuja kukuangalia usoni.

Kwa hapa kwetu wakati wa maji ni nusu ya picha. Ghuba ya Chole inapumua kwa kujaa na kupwa. Maji yakijaa yanaingiza maji safi ya bahari kuu kupitia Mlango wa Kinasi. Yakipwa yanatoa nje tope na majani ya ghubani, na mkondo unakutupa kule usikokusudia. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mkondo huo si wa kuchezea. Manahodha wetu wanayajua haya tangu utotoni, na nawaomba wageni wanaokuja na ratiba za saa wajifunze kuuliza mwezi ni wa ngapi. Upande huu wa Kilindoni, unaotazamana na delta ya Rufiji, maji yana rutuba na yamejaa vijidudu vinavyoelea. Hutapata buluu ya kung'aa hapa. Lakini rutuba hiyohiyo ndiyo inayomleta potwe, yule papa mkubwa mwenye madoa, na ukitaka kumpiga potwe akila itabidi uyakubali maji ya kijani na kuchukua lenzi pana kuliko zote ulizo nazo.

Kabla ya wanyama, mwili wako.

Pale St Lucia, visiwa vya Karibiani, watafiti waliwafuata wazamiaji majini na kuhesabu mara walizogusa matumbawe. Wengi waligusa angalau mara moja katika mbizi moja, na waliobeba kamera waligusa zaidi kuliko wasiobeba. Sababu mnaijua. Macho yako kwenye kioo kidogo, mikono imeshika kamera, na miguu imesahauliwa. Ule mpira wa miguuni unapiga nyuma yako mahali usipopaona, na unavunja. Tumbawe la matawi hukua kwa sentimita kama 10 kwa mwaka linapokuwa na afya. Lile la mviringo, kubwa kama mawe ya msingi, hukua karibu sentimita 1 kwa mwaka. Lililo na urefu wa mita moja limeanza kukua kabla ya babu zenu kuzaliwa, na pigo moja la mguu linaweza kulichubua mahali ambapo mwani utaingia na kuota.

Kwa hiyo simkabidhi mtu kamera mpaka nimwone ananing'inia majini bila kupanda wala kushuka, mikono imefungwa kifuani, kwa kupumua tu. Vuta, unapanda kidogo. Toa, unashuka kidogo. Huo ndio usukani wako. Asiyeuweza atashika mwamba ili atulie, na kila anachoshika ni kiumbe hai.

Na hapa kuna hatari ninayotaka muisikie vizuri. Mpiga picha ana kishawishi cha kuzuia pumzi: mkono unatulia, mapovu hayapigi kelele, samaki hatishiki. Msifanye hivyo kamwe mkiwa na mtungi. Hewa uliyoivuta mita 10 inatanuka mara mbili ukifika juu. Ukiwa umefunga koo na mwili ukapanda hata mita chache bila wewe kujua, mapafu yanaweza kupasuka. Badala yake toa pumzi polepole, kwa uzi mwembamba wa mapovu, na ubonyeze kamera wakati huo. Samaki hawashtushwi sana na mapovu ya taratibu. Kinachowashtua ni mlipuko wa ghafla wa mtu anayehema.

Geji ya hewa iangalieni kila baada ya picha chache, kabla ya kuangalia kama picha imetoka. Kamera inakula muda bila wewe kuhisi. Mtungi ukibaki na bar 50 uwe umeshafika juu. Pandeni taratibu, mita 9 kwa dakika, msimame dakika 3 kwenye mita 5, na msiibe dakika hizo kwa ajili ya samaki aliyetokea. Mgeni aliyezamia mara kadhaa asipande ndege kabla ya saa 18 kupita. Tunazo ndege ndogo za kwenda Dar es Salaam, na baadhi ya wageni huziona kama daladala. Nitrojeni iliyoyeyuka kwenye damu ukiwa chini inaweza kugeuka mapovu mwilini ukipanda juu angani mapema, nayo haiangalii ukubwa wa ndege. Mwongozaji ni wewe. Mwambie mapema, kabla hajakata tiketi.

Sasa wanyama. Hapa nitakaa.

Kila kiumbe ana namna yake ya kukataa, na mkishazijua mtaanza kuona picha ambazo wenzenu hawazioni. Kasa ana mapafu kama sisi. Akiwa anapumzika chini ya jabali au anakula kwenye majani, mwendee kwa ubavu, chini, usimkabili usoni wala usimpande mgongoni. Akiacha kutafuna na kuinua kichwa, umeshavuka mpaka, simama hapohapo. Akirudi kula, umeruhusiwa. Akianza kupanda juu ana shida ya hewa, naye ana haki ya kufika. Nimeona watu wakiogelea juu yake ili wapate picha yake na jua nyuma, naye anageuka kurudi chini bila kupumua. Picha ile hata ikiwa nzuri vipi, msiipige.

Pweza anasema kwa ngozi. Akiwa ametulia rangi yake inacheza na ya mwamba. Akipauka ghafla, au akitanda weusi na kujikunja, amekuchoka. Rudi nyuma mita mbili ulale juu ya mchanga, kama upo mchanga mtupu, usubiri. Ni mnyama mwenye akili na mwenye shauku ya kujua. Mara nyingi jicho lile litatokeza tena. Wavuvi wa pweza walio hapa, na akina mama wanaowachokoa wakati wa maji kupwa, wanazijua nyumba zake kuliko kitabu chochote. Waulizeni. Lakini ukionyeshwa nyumba, usiitangaze.

Mkunga anafunguafungua kinywa, na wageni hudhani anatisha. Anapitisha maji kwenye matamvua yake, basi. Mpigeni akiwa mlangoni pake. Taa aliyejifukia mchangani asiandamwe kutoka juu, kwa kuwa adui zake hutokea juu. Ana mwiba mkiani na hamkosei. Bunju ndiye anayeniuma zaidi. Watu humchokoza mpaka ajijaze maji na kuvimba, wapate picha ya mpira wenye miiba. Anapovimba hivyo anajiokoa na kifo, na amechoka sana baadaye. Mwongozaji yeyote wa Mafia atakayemshika bunju mkononi kwa ajili ya mteja, hata akipewa bakhshishi kubwa, ajue ameiharibu kazi ya wenzake wote.

Mnaotaka picha nyingi katika mbizi moja, tafuteni mahali pa kusafishiwa. Kwenye mwamba kuna pembe ambazo samaki wadogo wasafishaji, na kamba wadogo pia, wanafanya kazi. Utamwona chewa mkubwa amesimama, kinywa wazi, matamvua wazi, na wale wadogo wanaingia na kutoka wakila wadudu na ngozi iliyokufa. Nyuma yake wengine wanasubiri zamu. Ukikaa kando, mita mbili hivi, bila kuziba njia, utapiga kuliko aliyezunguka mwamba mzima akikimbizana. Ukikaa katikati ya kituo chenyewe, foleni inavunjika, na samaki mwenye kidonda anaondoka bila tiba.

Wale samaki wa rangi ya chungwa wanaoishi ndani ya mikono ya anemoni, yule mnyama laini anayefanana na ua, msiwapige tu kwa sababu ni wazuri. Mkubwa wao ni jike. Akifa, dume kubwa linageuka kuwa jike. Mayai hutagwa pembeni, juu ya jiwe lililosafishwa, na baba ndiye anayeyapepea kwa mapezi. Ukilijua hilo unaacha kumlenga yule anayerukaruka mbele ya lenzi na kuanza kutafuta yule mwenye kazi.

Swali la flashi najua litakuja, basi nilijibu. Mwaka 2019 Maarten De Brauwer na wenzake walichapisha utafiti juu ya samaki wadogo wa chini, wakiwemo farasi wa bahari, ambao wapiga picha hupenda kuwazonga. Hawakuona flashi ikiwadhuru macho. Kilichowasumbua kwa nguvu ni kuguswa na kusogezwa ili wakae vizuri kwenye picha. Matokeo hayo si ruhusa ya kumulika ovyo. Kwa potwe, kwa mfano, taratibu za nchi nyingi zinakataza flashi kabisa, na mimi nakubaliana nazo. Lakini yanatuonyesha tuanzie wapi. Kile kijiti cha chuma cha kuelekezea, ambacho baadhi yenu mmekining'iniza kiunoni, kinafanya uharibifu kuliko mwanga.

Nimemtaja potwe mara tatu sasa, na ninajua ndiye mnayemngoja.

Huyu ni samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, na kila mwaka, kuanzia Oktoba mpaka Machi hivi, anakula mbele ya macho yetu hapa Kilindoni, unaweza kumwona kutoka ufukweni. Tangu mwaka 2016 amewekwa na Muungano wa Kimataifa wa Hifadhi ya Mazingira, yaani IUCN, katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Na sehemu kubwa ya maji anamokula hapa iko nje ya mipaka ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Maana yake ni kwamba nidhamu ya nahodha na ya mwongozaji ina uzito wa pekee mahali hapa. Kwake hatuendi na mitungi. Tunaingia kwa miwani na snorkeli, wachache, kimya, kwa kuteleza na si kuruka. Mita 3 kutoka mwilini, mita 4 kutoka mkiani. Boti haimkati njia. Huwezi kumkimbiza potwe ukampata hata hivyo. Akiamua kuondoka, kupiga kwake mkia mara mbili kunakuacha ukitazama maji.

Basi picha yake ina kazi gani? Madoa meupe yaliyo mgongoni na ubavuni mwake hayafanani na ya potwe mwingine yeyote, na hayabadiliki kadiri anavyokua. Kwa hiyo mtu anaweza kumtambua kwa picha. Mwaka 2005 Zaven Arzoumanian, Jason Holmberg na Brad Norman walichapisha njia ya kulinganisha madoa hayo kwa kompyuta, na hesabu walizotumia zilikuwa zimetungwa na mtaalamu wa nyota Edward Groth mwaka 1986 kwa ajili ya kulinganisha nyota katika picha za anga. Hesabu za nyota zikatumika kwa samaki! Leo picha zinatoka Australia, Ufilipino, Msumbiji, Meksiko na hapa kwetu, zinaingia kwenye hazina moja ya picha mtandaoni, ya Wildbook, na potwe aliyepigwa na kijana wa Kilindoni anaweza kutambuliwa akionekana tena popote.

Ila picha lazima ipigwe sawasawa. Ubavu wa kushoto ndio unaotumika kwanza. Eneo lenyewe liko juu ya pezi la kifua, kuanzia tundu la mwisho la matamvua kwenda nyuma. Uwe mkabala na ubavu huo, kamera ikiuelekea moja kwa moja, usipige kwa mshazari. Ukiweza piga na wa kulia. Kisha angalia chini ya tumbo, karibu na mapezi ya nyuma, kama kuna viungo viwili virefu. Vikiwepo ni dume. Ukirudi botini andika tarehe, saa, mahali, urefu kwa makadirio, makovu. Picha ya kinywa wazi inayotazamana na lenzi, ile ambayo kila mgeni anaitaka kwa ajili ya simu yake, haimtambulishi potwe. Ile ya ubavu, ambayo hakuna atakayeisifia, ndiyo inayomhesabu.

Kuna somo jingine hapa Mafia, nalo linanifanya nisikipe kioo cha kamera imani kupita kiasi. Kwa miaka watu walisema potwe huja na kuondoka, kwa sababu miezi mingine hawaonekani. Watafiti walipowafunga vifaa vya sauti na kuweka vipokezi chini ya maji, wakachapisha matokeo mwaka 2015, ikaonekana kwamba wengi hawakuwa wameondoka. Walikuwa bado maeneo ya kisiwa, wamehamia mbali kidogo na ufuko na kwenda chini zaidi, wasikofikiwa na macho yetu. Picha inashuhudia kwamba mnyama alikuwepo. Usipompata, picha haina la kusema, na wewe pia usiseme.

Taa mkubwa wa aina ya manta hutambulikana kwa madoa ya tumboni. Kasa hutambulikana kwa magamba ya shavuni, na la kushoto halifanani na la kulia, kwa hiyo pigeni yote mawili. Hata silikanti, yule samaki wa kale aliyedhaniwa kutoweka tangu enzi za dinosaria hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, ana madoa meupe ya kumtofautisha na mwenzake. Hans Fricke alimpiga picha akiwa hai, kwa nyambizi ndogo, huko Komoro mwaka 1987. Hapa Tanzania wavuvi walianza kumnasa kwenye nyavu za kina kirefu mwaka 2003, na Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ya Tanga ikaanzishwa mwaka 2009. Huyo yuko kina ambacho ninyi hamtafika, na nawasihi msijaribu.

Mwamba nao unahitaji shahidi. Mwaka 1998 Bahari ya Hindi ilipata joto, matumbawe ya pwani yetu yakapauka na mengi yakafa. Yakapauka tena mwaka 2016, na tena mwaka 2024. Kila mmoja wenu achague majabali mawili au matatu, ayapige kutoka mahali palepale, kwa umbali uleule, mwezi uleule, kila mwaka. Ni kazi isiyo na shangwe. Lakini mwanasayansi anakuja wiki mbili na kuondoka, na ninyi mpo. Kama ipo sehemu iliyolipuliwa na baruti zamani, pigeni kifusi hicho pia, na muendelee kukipiga, tujue kama kinarudi.

Hilo linanileta kwa jambo linaloniuma. Picha nyingi za mwamba huu ambazo dunia inazijua zimepigwa na wageni waliokaa siku chache na kuongozwa na kijana wa Chole, Juani au Utende. Kijana ndiye aliyejua nyumba ya pweza, ndiye aliyesoma mkondo, na jina lake halipo popote. Siwalaumu wageni kwa kupenda bahari yetu. Nataka kamera ishikwe na yule anayerudi kwenye jabali lile kaskazi na kusi. Na wageni mliopo, mkitoa picha, mtajeni aliyewaongoza, akiridhia.

Muwe wakweli pia kwenye maelezo. Kurekebisha rangi iliyoliwa na maji ni halali, mnarudisha kilichokuwepo. Kumwongeza samaki asiyekuwepo, au kuandika kwamba alikuwa porini kumbe alisogezwa kwa kijiti, ni uongo, hata picha ikishinda zawadi. Viota vya kasa na nyumba za wanyama wanaotafutwa kwa biashara msiviwekee ramani. Na mvuvi mliyemkuta kazini mwombeni ruhusa kama mnavyomwomba mtu yeyote nchi kavu.

Sasa mipango. Leo mchana tutafungua makasha ya kamera na kusafisha zile ringi za mpira, maana unywele mmoja au punje moja ya mchanga inatosha kuingiza maji na kuua kifaa cha mwaka mzima wa akiba. Kesho tunazamia ghubani maji yakianza kujaa. Nahodha atawapa saa, msimcheleweshe. Mbizi ya kwanza hakuna atakayebeba kamera. Kila mmoja atachagua samaki mmoja, akae naye mbizi nzima, kisha aje anieleze samaki huyo alikuwa anafanya nini. Atakayeniridhisha atabeba kamera mbizi ya pili. Ahsanteni kwa kunisikiliza. Wazee wakipenda kuongeza neno, kipaza sauti ni chao, kisha tutachukua maswali.